Picha ya Tatu

Kantini ya hospitali ilifurika mchana ule, na kifungua chupa hakionekani. Seremala aliyekuja kutengeneza milango ya wodi, shati limejaa unga wa mbao, akaichukua soda ya dada mwenye koti jeupe, akaifungua kwa meno. Tap!

"Taya hilo nalitaka," dada akasema.

"Taya tu? Na mwenyewe nani atamchukua?"

Kumbe hakutania. Alikuwa mtaalamu wa altrasaundi, anatafuta watu wa utafiti: wao wang'ate kifaa cha kupimia nguvu ya meno, yeye atazame misuli ya taya inavyovimba. Kesho yake seremala alikuwa kitandani, jeli shavuni.

"Ng'ata. Kaza. Usicheke!"

"Nitaachaje, na mtoto mzuri kaniinamia hivi?"

Picha ya tatu ikatoka na kivuli kama punje ya dengu. Dada, naye akicheka, akaandika: *Imeharibika, alicheka.* Akapiga nyingine pembeni kidogo, ikatoka safi. Laiti angejua!

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila jioni simu ililia.

"Umekula, malaika wangu?"

"Nimekula, ila sauti yako sijashiba."

Mwezi wa tatu wa penzi lao, majibu ya seremala yakafupika.

"Hujambo, mpenzi?"

"Sijambo."

"Utakuja kesho?"

"Hapana."

Dada akawaka. "Kama umepata mwingine, sema!"

Simu ikakatika. Wiki nzima alilia, wivu ukimla.

Siku ya kipimo cha pili cha utafiti seremala alikuja hata hivyo, amekonda, kola inampwaya. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja tu.

"Sina mwingine," alisema kwa taabu. "Kusema kunaniumiza. Niliogopa utanionea huruma."

Dada akaweka kifaa cha altrasaundi shavuni. Kivuli kilekile, sasa kama haragwe. Akaifungua picha ya tatu kando yake.

"Nilikiona siku ile," akasema. "Nilikiona nikacheka. Nisamehe."

Kwenye skrini msuli wa seremala ulikaza bila kuambiwa, ukakaa hivyo muda mrefu, kisha ukalegea taratibu. Akatoa mfukoni pete ya mpingo aliyoichonga mwenyewe.

"Bado unalitaka taya?"

"Na mwenyewe," dada akasema, machozi yakimtiririka.

Akaivaa. Maneno yake ya zamani chini ya picha ya tatu hakuyafuta. Aliongeza moja tu: *uvimbe*. Kisha akampigia daktari wa upasuaji. Simu iliita, ikaita, nao wakaisikiliza wameshikana mikono.