Kakakuona na Maoni Sita

Shule ilipofungwa saa nane na nusu, Grâce alipanda teksi kutoka Berea hadi katikati ya jiji la Durban, kama alivyofanya kila siku. Alishuka kwenye robot ya pili, kama watu wa Durban wanavyoziita taa za barabarani, akangoja zimruhusu kuvuka, akapita kando ya wauza soksi na kuingia katika jengo la maduka madogo. Duka la baba yake, Papa Boniface, aliyetoka Kongo, lilibanwa kati ya saluni ya Mama Marcelline na duka la mabegi. Lilikuwa dogo, lakini wenye simu mbovu walilijua.

Kazi ya Grâce ilikuwa moja. Kila simu iliyoletwa kutengenezwa ilibandikwa kikaratasi cha njano chenye jina la mteja, ubovu wa simu na namba za siri za kuifungulia. Grâce ndiye aliyeviandika vikaratasi hivyo.

"Mwandiko wa mtoto huyu unasomeka," Papa Boniface aliwaambia wateja. "Wa Japhet, kuku ametembea kwenye wino."

"Eish, Bosi, unaniaibisha mbele za watu!" Japhet alilalamika huku akicheka. Alikuwa fundi kijana kutoka Tanzania, na mkewe Belinda alikuwa na mimba ya miezi minane. Alimpenda Grâce kama mdogo wake, akamfundisha kusema "shikamoo" kwa wateja wazee wa Kitanzania ili wasimwone mtoto asiye na adabu.

Nyumbani, gumzo lilikuwa juu ya mchezo wa Laurette, dada yake Grâce. Laurette alisomea uchoraji chuoni, na kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza mchezo wa kusoma kwenye simu. Haukuwa mchezo wa kupigana wala wa mbio. Ulikuwa hadithi ndefu ya Kiswahili yenye picha, na kila baada ya muda msomaji alichagua jambo la kufanya. Wahusika wake walikuwa wanyama waliokimbia msitu uliounguzwa, wakapanga vyumba katika ghorofa kubwa la mjini. Kulikuwa na bundi mlinzi, kanga mwenye watoto tisa, panya fundi bomba, na kakakuona mwenye haya aliyejikunja kama mpira kila alipoulizwa swali.

Siku moja bomba la maji la ghorofa linapasuka. Kakakuona ndiye aliyelipasua kwa bahati mbaya, lakini wapangaji wote wanamlaumu panya. Hapo kioo kinaonyesha maneno mawili: SEMA, JIKUNJE. Grâce alikuwa amecheza mara tatu, na mara zote tatu alibonyeza JIKUNJE. Alimwonea kakakuona huruma. Kila mara hadithi ilimalizika mapema, panya akiondoka na mfuko wake mgongoni.

Mchezo ulipowekwa mtandaoni, wachezaji wanne waliandika maoni. Watatu waliusifu kidogo. Wa nne alitoa nyota moja na kuandika: "Maneno mengi, mapigano hakuna. Kakakuona anachosha. Nimeufuta."

Laurette aliyasoma maoni hayo kwa sauti na kucheka, lakini jioni hiyo hakugusa chakula.

"Maonyesho ya michezo ya vijana yanataka mchezo wenye maoni kumi mwisho wa mwezi huu," alisema. "Mimi ninayo manne, na moja linanizika."

Grâce alimtazama dada yake akisukuma sahani. Na hapo ndipo wazo lilipomjia.

Siku iliyofuata Papa Boniface alikwenda kununua vioo vya simu, na Japhet alikuwa ameinamia kazi yake, masikio yamezibwa na muziki. Kabatini zilikaa simu zilizokwisha kutengenezwa, kila moja na kikaratasi chake cha njano, kila moja na namba zake za siri kwa mwandiko wa Grâce mwenyewe. Akachukua kitambaa, akajifanya anapangusa vumbi. Akafungua simu ya kwanza, akauingiza mchezo kwa Wi-Fi ya duka, akatoa nyota tano, akaandika sifa, kisha akaufuta mchezo na kuirudisha simu mahali pake. Ilimchukua dakika chache tu.

Kwa siku tatu alifanya hivyo mara sita. Kwa jina la Mzee Machano, mlinzi wa jengo la ofisi, aliandika: "Mchezo huu umenigusa moyo. Mwisho wake umeniliza." Mwisho wenyewe Grâce hakuwahi kuufikia.

Maoni yakawa kumi. Laurette aliruka jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

"Grâce! Watu wanalia kwa ajili ya kakakuona wangu!" alisema, macho yakimng'aa. "Na nimewajibu wote sita, mmoja mmoja."

Kijiko cha Grâce kilisimama kabla ya kufika mdomoni. "Umewajibu? Na wao wanaona?"

"Wanaona ndiyo. Ujumbe unaingia moja kwa moja kwenye simu zao."

Grâce akakirudisha kijiko kwenye sahani.

Tangu jioni hiyo hofu ilikaa naye. Darasani, simu ya mwalimu ilipotoa mlio, aligeuka haraka. Dukani, kila aliyeingia akiwa ameshika simu mkononi alimfanya atazame chini. Simu zote sita zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Sasa zilikuwa mifukoni mwa watu, huko nje, na yeyote kati yao angeweza kuifungua wakati wowote akasoma. Alijaribu kuhesabu siku bila balaa. Ikapita moja. Ikapita ya pili.

Siku ya tatu Mzee Machano aliingia dukani na hakungoja kusalimiwa.

"Fundi, njoo unisomee hapa," alisema, akiweka simu mezani. "Macho yangu mabovu, lakini si mabovu kiasi hicho."

Papa Boniface akasoma kwa sauti: "Asante sana, Mzee Machano! Umesema mwisho umekuliza. Ni mwisho upi, wa bomba au wa dirisha?"

"Mie nimelizwa na kakakuona? Mie?" Mzee Machano alijipiga kifua. "Miaka kumi na sita nalinda usiku, sijalizwa na mwizi! Mjukuu wangu kanionyesha. Jina langu lipo pale, dunia nzima inalisoma. Mtu kaingia kwenye simu yangu ilipokuwa hapa kwako. Aliyeweza kuandika humo, anashindwa nini kusoma ujumbe wa mke wangu? Anashindwa nini kuingia benki?"

Papa Boniface hakuwahi kuufungua mchezo wa Laurette, kwa kuwa alisoma Kiswahili kwa shida kuliko Kifaransa, na mbele ya hasira za mzee hakukumbuka kakakuona ni wa nani. Aliona jambo moja tu: simu ya mteja imefunguliwa dukani mwake. Uso ulimkauka.

"Simu hii ilishikwa na nani?" aliuliza. "Mimi siku hizo nilikuwa natoka kutafuta vioo. Alibaki Japhet."

"Bosi, naapa, sijafungua chochote!" Japhet alisimama ghafla, bisibisi ikaanguka. "Nilibadilisha kioo, nikajaribu sauti, basi."

"Na huyu mtoto?" Mzee Machano aliuliza.

Grâce aliendelea kushika kalamu, macho chini.

"Grâce anaandika vikaratasi tu," Papa Boniface alisema. "Huyu namjua. Iko mtoto wangu."

Maneno hayo yalimuumiza kuliko kofi. Mabega yake yalipanda, kichwa kikashuka, magoti yakamkaribia kifuani pale kwenye kiti. Hakujua kwamba alikuwa amejikunja.

"Nakupa mpaka Ijumaa," alisema Mzee Machano. "Nikikosa jibu, nitawaambia Watanzania wote ninaowajua wasilete simu hapa."

Alipotoka, Papa Boniface alinyoosha mkono. "Japhet, nipe ufunguo wa kabati. Kesho usije kwanza."

Japhet alitazama ufunguo, akamtazama bosi wake. "Papa Boniface, Belinda anajifungua mwezi ujao."

"Ninajua. Ufunguo."

Kesho yake meza ya Japhet ilikuwa tupu. Kikombe chake cha chai kilikuwa pale pale, na pembeni ya kikombe kulikuwa na peremende mbili, zile alizomwekea Grâce kila siku. Japhet alikuwa ameziweka siku iliyotangulia, kabla ya Mzee Machano kuingia. Grâce alizitazama mpaka macho yakamjaa maji. Alimfikiria panya, na mfuko wake mgongoni.

Aliogopa. Aliogopa hasira ya baba yake, na aliogopa zaidi kwamba baba hatasema tena "huyu namjua". Mikono ilimtetemeka hata kalamu ikaandika kama ya Japhet. Akaiweka chini.

"Papa," alisema, na sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Ni mimi."

Papa Boniface aliendelea kukaza skrubu. "Wewe nini?"

"Ni mimi niliyefungua simu ya Mzee Machano. Na nyingine tano. Niliandika maoni ya mchezo wa dada Laurette. Kaka Japhet hajui kitu."

Bisibisi ikasimama. Papa Boniface akaiweka mezani. Kutoka saluni ulisikika mvumo wa mashine ya kukausha nywele, na kicheko cha Mama Marcelline. Grâce alingoja kelele, alingoja mkanda.

"Taja majina yote sita," baba alisema mwishowe. Grâce akataja. Papa Boniface akayaandika kwenye kikaratasi cha njano, polepole. Kisha akafunga kabati, akazima taa. "Chukua mfuko wako. Tunaanza na Japhet."

Japhet aliishi Overport, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu. Papa Boniface alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nilikuhukumu bila kukuuliza vizuri," alisema. "Nisamehe. Ufunguo wako huu hapa."

Japhet aliupokea bila tabasamu. Akamgeukia Grâce. "Dogo, wewe ulikuwa umekaa pale. Ulinitazama natoka."

"Ndiyo," Grâce alisema, na machozi yakamshuka. "Nilijikunja. Nisamehe, kaka."

Japhet aliugeuza ufunguo kiganjani. Ni Belinda, aliyekaa kitandani na tumbo lake kubwa, aliyesema, "Mtoto amekuja mwenyewe, Japhet. Mwache aingie akae, jasho linamtoka."

Kwa siku mbili walikwenda kwa wateja wote sita. Kila mahali Grâce alisema kosa lake kwa mdomo wake, na mwenye simu akafuta maoni yale mbele yake. Mteja mmoja alicheka. Mwingine alimwambia Papa Boniface kwamba hatarudi tena dukani, na kweli hakurudi. Mzee Machano alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Kwa nini mie ndiye niliyelizwa?" aliuliza. "Wenzangu waliandikiwa nini?"

"Waliandikiwa tu kwamba mchezo ni mzuri, babu. Wewe nilikuandikia hivyo kwa sababu... ulionekana mkali, nikataka ulie."

Mdomo wa mzee ulitikisika, lakini akajizuia. "Toka hapa. Nimekusamehe."

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa nyumbani. Laurette alisikiliza, kisha akakaa chini.

"Nimekaa siku nzima nikiwajibu watu ambao hawapo," alisema. "Nilifurahi, Grâce. Ni bora nyota moja ya yule aliyechoka. Yule angalau aliucheza."

Mwisho wa mwezi ulifika, maoni yakiwa manne. Maonyesho yalipita bila kakakuona.

Dukani mambo yalibadilika. Papa Boniface aliamua kwamba vikaratasi vya njano havitaandikwa tena namba za siri. Simu ikitengenezwa, mwenyewe huifungua kwa mkono wake, fundi akaijaribu mbele ya macho yake. Peremende zilichelewa wiki moja kurudi mezani. Kisha zikarudi.

Alasiri moja Laurette alipita dukani, na Mzee Machano akaingia nyuma yake.

"Shikamoo, babu," Grâce alisema haraka.

"Marahaba. Ndiye huyu mwenye kakakuona?" Alimsogezea Laurette simu. "Nimeucheza huo mchezo wako usiku tano lindoni. Soma."

Laurette akasoma kwa sauti: "Nyota tatu. Herufi ni ndogo mno kwa mtu mzima. Watoto wa kanga wanapiga kelele kupita kiasi. Bundi ni mlinzi lakini hajui kazi ya ulinzi, hakuna mlinzi anayeacha mlango ule wazi. Kakakuona aliposema ukweli mbele ya panya, niliweka simu chini nikanyamaza kidogo."

Laurette alianza kucheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. "Herufi nitazikuza leo hii, Mzee. Na bundi utanifundisha."

"Sijalia," Mzee Machano alionya, kidole juu. "Soma vizuri. Nimenyamaza tu."

Japhet aliangua kicheko mpaka Mama Marcelline akachungulia. Walipotulia, Papa Boniface alimvuta Grâce karibu na meza.

"Umesikia sauti yake humo?" aliuliza. "Kelele za kanga, mlango wa bundi. Hakuna mtu mwingine angeyaandika hayo. Ulipoandika kwa jina lake, ulimnyang'anya mdomo. Ulimdanganya dada yako, na woga wako ukamfukuza Japhet kazini. Ulitaka kusaidia, ninajua. Lakini msaada wa uongo lazima mtu aulipe, na mara nyingi si yule aliyesema uongo. Ukitaka kumsifu dada yako, msifu kwa jina lako, kwa kile ulichokiona wewe. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka."

"Ndiyo, Papa."

Jioni, nyumbani, Grâce aliufungua mchezo kwa mara ya nne. Bomba likapasuka, panya akalaumiwa, na maneno mawili yakatokea. Akabonyeza SEMA, akasoma mpaka mwisho, kisha akaandika maoni yake chini ya jina lake mwenyewe.