Aliyekusanya

Mbawakawa arobaini, waliokufa wiki tatu zilizopita na kutobolewa kwa pini mgongoni, walikuwa wamegeuka. Binti aliwapanga mwenyewe sandukuni, vichwa vikielekea dirishani. Asubuhi hiyo vyote vilielekea kiti cha mjomba.

Kwanza alikasirika. Yeye ndiye aliyepasua magogo kwa patasi hadi viganja vikatoka malengelenge, akiwatoa wadudu hao kwenye matundu waliyobungua. Mjomba, ambaye majirani walimwita Daktari wa Mende, aliandika lebo: aina ya mti, tarehe, na aliyekusanya. Hapo kwenye aliyekusanya aliweka jina lake. Binti alipoomba lake liwekwe hata kwenye moja, mjomba alicheka, akamuuliza tangu lini mtu wa darasa la saba akawa mtafiti. Na aliyemwachisha shule ni yeye, ili apate wa kupasua magogo.

Adhuhuri meza ikaanza kutafunwa kwa ndani. Kru, kru, kru. Chumba kikanuka mti mbichi, na sauti kavu kama ubao unaopasuka ikauliza kutoka chini ya meza:

"Nani amewaua wanangu?"

Mjomba alivuta kalamu, na huku jasho likimdondoka juu ya karatasi, na meza ikitetemeka, na unga wa mbao ukimmwagikia mapajani, akaanza kukata jina lake, lebo baada ya lebo, na kuandika la mpwa wake.

"Mjomba, unafanya nini?" binti alinong'ona.

"Si ulikuwa unalililia? Haya, nimekupa."

Alipomaliza ya arobaini, akalisukuma sanduku chini ya meza. "Mtu wako yumo humo. Soma."

"Sijui kusoma," jini wa chini ya meza akasema. "Nyoosheni mikono."

Wakanyoosha. Vidole vya binti vilinuka maganda ya mti. Vya mjomba vilinuka sumu, ile ya kuulia wadudu, ambayo hakumruhusu mtu asiyesoma aiguse.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Safari hii alikula peke yake. Mganga alipoletwa, aliona tundu dogo la mviringo katika kila ukucha wa mjomba, na unga laini ukimwagika kila akikunja vidole. Alikataa hata kuketi.

Binti hakumwonea huruma. Alichukua kalamu, akafuta jina lake kwenye lebo zote arobaini na kurudisha la mjomba, huku kando yake mkono wa mwenye jina ukitafunwa polepole. Kru, kru.