Hatua Nyuma ya Mlango

Kila jioni, kabla ya kufungua madaftari yake, Chiriku alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kufuta kioo cha taa ya chemli, kuiwasha na kuiweka dirishani. Umeme ulikuwepo, na sebuleni mlikuwa na balbu kubwa. Lakini baba yake, fundi redio, hakutaka kusikia. "Bibi yako aliiweka pale," alisema, "na mimi naiweka pale." Ukimwuliza ni ya nini, alianza kutafuta bisibisi.

Alhamisi moja fundi alirudi na deki kuukuu ya video. Akaibadilisha mkanda wa mpira unaoizungusha, akasafisha kichwa cha deki kinachosoma kaseti kwa pamba na spiriti, kisha akatoa kaseti kwenye sanduku la marehemu mama yake.

"Hii ndiyo filamu ya utoto wangu," aliwaambia wanawe. "Mtoto anaweka taa dirishani, anamngoja baba yake aliyesafiri. Mwishoni hatua zinasikika mlangoni. Hapo mama alizima runinga, akasema, 'Huyo amefika. Twendeni tukalale.' Jumamosi tutaitazama wote, na safari hii tutaona mlango ukifunguliwa. Mtu asiiguse."

Chiriku aliigusa. Ijumaa alasiri, wakubwa wakiwa kazini na mdogo wake akicheza nje, aliitia kaseti kwenye deki. Hatua zikasikika, mlango ukafunguliwa. Hakuingia baba. Aliingia jirani, amebeba kofia ya yule baba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba maji. Chiriku akazima mbio, akairudisha kaseti mwanzo.

Hatua hazikuzimika. Alizisikia katika matone ya bomba, akazisikia katika kandambili za mdogo wake. Jioni, alipoiweka taa, uso ukamtazama kutoka kwenye kioo cha dirisha, akaruka nyuma. Ulikuwa uso wake mwenyewe. Ndipo akamkumbuka babu, dereva wa lori, aliyetoka asubuhi moja baba akiwa bado mdogo, asirudi tena. Akajua taa ile ilikuwa ya nani, na ni nani aliyekuwa bado anangoja.

Jumamosi alikuja Shangazi, dada mkubwa wa baba, mpenzi wa vitendawili. Fundi alikuwa amenyoa ndevu, anapanga viti na kuvipanga upya kama bwana harusi.

"Wewe Chiriku," Shangazi alimwambia jikoni, "jina lako tumekupa kwa sababu ya mdomo. Leo umeumeza?"

"Nipo tu, Shangazi."

"Haya, kitendawili."

"Tega."

"Mzigo wangu hauna hata kilo moja, lakini umenipinda mgongo."

Chiriku aliinamia vikombe. "Sijui. Nakupa mji."

"Mji sitaki. Nitangoja jibu."

Filamu ilianza. Fundi aliyajua maneno yote, akawa anawatangulia waigizaji.

"Baba," mdogo wake Chiriku akasema, "mwache na yule mzee aseme kidogo."

Wakacheka wote, isipokuwa Chiriku. Akinyamaza, hakuna atakayejua kosa lake, ila ile kofia itamwangukia baba ghafla. Akisema, ataadhibiwa. Hatua zikaanza kusikika. Baba aliinama mbele, mikono magotini, na uso wake ukawa wa mtoto.

Chiriku akabonyeza kitufe. Picha ikasimama, ikitetemeka.

"Baba, nisamehe. Niliitazama jana. Anayeingia siye baba yake."

Fundi hakugeuka. "Ni nani?"

"Jirani. Ameleta kofia."

Shangazi akamwekea fundi mkono begani.

"Na baada ya kofia?" fundi akauliza.

"Sijui. Niliogopa, nikazima."

"Kama bibi yako," alisema polepole. "Haya, washa. Leo tuko wengi."

Jirani aliiweka kofia mezani. Yule mtoto alilia sana, na fundi naye alilia bila kujifuta. Mwanawe mdogo akampanda magotini bila kualikwa. Kisha jirani akainuka kuondoka, na nje kulikuwa giza. Mtoto akaitoa taa dirishani, akamsindikiza, akimmulikia njia. Filamu ikaishia hapo.

"Jibu langu?" Shangazi akauliza.

"Siri," Chiriku akasema.

"Umepata. Mama alituficha mwisho huu kwa huruma, lakini mdogo wangu huyu amebaki mlangoni miaka yote. Ukweli unauma, wanangu, ila ukiusema, wenzako wanakusaidia kuubeba. Ukiuficha, unakulemea peke yako."

"Na kaseti yangu uliyoigusa?" fundi akauliza.

"Nitaosha vyombo wiki nzima."

"Na masufuria."

"Na masufuria, Baba."

Kesho yake Chiriku alifuta kioo, akawasha taa, akaelekea dirishani.

"Siyo hapo," baba yake akasema. "Iweke uchochoroni, penye ile ngazi iliyovunjika. Watu wanajikwaa pale."

Baadaye hatua zikasikika nje. Fundi akainua kichwa. Zikafika penye ngazi, zikapunguza mwendo, zikapita salama.

"Asanteni kwa taa," sauti ikasema.

"Haya, usiku mwema," fundi akajibu, kisha akaenda kufunga mlango kwa komeo.