Kifua Kilichokaa Mgongoni

Usiku wa manane ulisikika mlio mwembamba, kama msumari unaokwaruzwa kwenye bati. Mama akawasha taa, akamkuta Kipusa, bintiye wa miaka sita, yumo usingizini kabisa na mlio unamtoka kooni. Alipomgeuza, kiganja kikagusa kijinundu katikati ya uti wa mgongo.

"Amepandwa," mama mkwe alinong'ona mlangoni. "Jini kajibebesha mgongoni."

Mtu asiseme hawakwenda hospitali, walikwenda. Daktari akatazama picha, akasema kifua kikuu, akaandika dawa. Mama mkwe alicheka mpaka kwenye ngazi. "Mgongo unauma, yeye anasema kifua. Huyu kasomea ng'ombe." Na mama, aliyefika kidato cha nne, aliyejua kwamba kuuliza si ujinga, akanyamaza, akazitia dawa kabatini, akamfuata mkwewe kwa mganga.

Mganga alifukiza, akachanja, akamwamuru jini ashuke. Hakushuka. Kila usiku mlio, kila usiku harufu ya kitu kilichovunda ingawa shuka zimefuliwa, na nundu inazidi kuchongoka, na mama akiiwekea sikio anasikia pumzi ya pili, nzito, isiyokwenda sawa na ya mtoto, mpaka asubuhi moja Kipusa akashuka kitandani akaanguka, miguu imelegea kama ya mwanasesere.

"Ni kifua kikuu cha uti wa mgongo," daktari wa upasuaji alimweleza, polepole. "Kifua ni jina tu, mama. Kinakula hata mfupa. Sasa usaha unabana neva. Nitausafisha, nifunge vyuma. Kutembea, siahidi. Dawa mlipewa?"

Mama akatazama sakafu.

Upasuaji ulichukua saa tano. Usiku wa tatu wodini, kidole gumba cha mguu wa Kipusa kikacheza. Mama akakibusu huku machozi yakimtiririka.

"Umekisogeza, mwanangu. Utatembea."

Kipusa alimtazama kwa huruma, kana kwamba yeye ndiye mzazi.

"Si mimi, mama. Mimi hata sikisikii. Anakichezesha yeye. Walipofungua mgongo, akahamia miguuni."

Kidole kikacheza tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Kasema wewe unajua kunyamaza."

Mama akamfunika miguu, akaibana shuka kwa mikono miwili.

"Basi si bibi, si daktari," akanong'ona, na hakujua anamwahidi nani. "Simwambii mtu mwingine."