Tonge la Jizo

Mchana ule Shigeo alimaliza bakuli lake la tambi kabla mkewe hajapoza la kwake. Kisha akalivuta la mkewe.

"Mzee, una nini leo?" Kinuyo aliuliza akicheka. "Au umemeza mtu njiani?"

Shigeo hakucheka. Alikunywa mchuzi mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, akasema kwa sauti ya chini, "Njaa inaniuma, Kinuyo. Inauma kama kidonda."

Hawakujaliwa mtoto, hawa wawili. Shigeo aliendesha treni maisha yake yote, akaijua Osaka kwa reli tu. Alipostaafu wakapatana waitembee kwa miguu, mtaa kwa mtaa, wakila kila kilichowanukia: vitumbua vya pweza vya kuunguza ulimi, chapati za kabichi zilizopakwa sosi, mkunga wa kuchoma. Ndiyo ilikuwa raha yao ya uzeeni.

Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wamepita vichochoro vya Nakazaki, kwenye nyumba za mbao zilizosalimika na mabomu ya vita. Kwenye kona moja alisimama Jizo, mlinzi wa watoto waliokufa, sanamu la jiwe lisilofika goti, lenye kitambaa chekundu shingoni. Mtu alikuwa amemwekea tonge la wali. Shigeo aliliokota akalila.

"Wewe, hicho ni cha wafu," Kinuyo alimkanya.

"Jizo hana meno. Mimi ninayo."

Kinuyo alimpiga kibao cha bega, wakaendelea na safari yao.

Tangu hapo Shigeo alikula asishibe, na kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda. Hospitali walimpima, wakasema hana ugonjwa. Mashavu yakabonyea, mkanda ukamzunguka kiuno mara mbili, lakini kila kulipokucha alivaa viatu na kutoka, maana njaa haikumruhusu kukaa, naye Kinuyo akamfuata.

Jioni moja walikuwa wakipita Tenjinbashi, katikati ya umati wa wanunuzi, Kinuyo aliposikia mtu anatafuna. Akamtazama mumewe: mdomo umefumbwa. Akageuka nyuma: hakuna anayekula. Walipoharakisha, kutafuna kukaharakisha, waliposimama kukasimama, kisha kukaanza tena, karibu zaidi, chini chini usawa wa kiuno chake, na pamoja nako ikaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, harufu ya nyumba iliyoungua na kuzimwa, ikizidi kila hatua hata ikafunika harufu ya mafuta ya moto na samaki na majani ya chai yanayokaangwa, mpaka Shigeo akapiga magoti mbele ya duka la maandazi ya nyama, akanong'ona, "Nipe, nipe, nipe," na sauti ile haikuwa yake.

Kesho yake Kinuyo alimpeleka kwa Myoen, mtawa mzee wa hekalu dogo upande wa Tennoji. Mtawa alipomwona tu Shigeo mlangoni, akaziba pua kwa ukosi wa kanzu.

"Umekula wapi chakula cha mwenyewe, baba?"

Shigeo akamweleza. Myoen akawasha ubani, akaweka mbele yake wali na maji, akagonga kengele.

"Nani yumo humo?"

Mdomo wa Shigeo haukufunguka. Jibu lilitoka kifuani mwake, sauti ya mtoto, nyembamba.

"Mama aliniambia nisubiri hapa. Amekwenda kutafuta wali."

Mtawa akamshika Kinuyo mkono, akamnong'oneza sikioni.

"Sikiliza vizuri, mama. Utamlisha wewe, uliyeona akiibiwa. Mwambie, kula uende. Maneno hayo tu. Usimbembeleze. Mtoto aliyengoja miaka yote hii, ukimwonea huruma atakushika."

Kinuyo alichukua tonge. Alilisogeza karibu na kifua cha mumewe, na wali ukapungua kwenye vidole vyake, punje baada ya punje, kukiwa na pumzi ndogo ya baridi kiganjani, pumzi ya mtoto anayekula kwa haraka akiogopa kunyang'anywa. Na moyo wake, uliokaa bila kuitwa mama hata siku moja, ukamshinda.

"Kula, mwanangu," akasema.

Myoen aliiangusha kengele.

Shigeo alianguka kifudifudi, akalala usingizi mzito. Alipoamka alikula kidogo, akashiba, akalia. Baada ya miezi michache mashavu yalirudi, na majirani wakamsifu Kinuyo kwa kumtunza vema mumewe.

"Ila wewe umekonda, dada," walimwambia.

"Uzee," aliwajibu.

Bado wanatembea. Majira ya machipuo yaliyopita walikuwa wakivuka daraja kuelekea kisiwa cha Nakanoshima, njaa ya kawaida inamwita Shigeo, hivyo akatangulia. Mkewe hakumfikia. Alikuwa nyuma kabisa, amepinda bega upande mmoja, mkono umeshuka, vidole vimekunjika kama vimeshika kitu.

"Kinuyo, hebu ongeza mwendo," alimwita. "Tutakosa nafasi ya kukaa."

Mkewe alitabasamu, akaangalia chini pembeni yake, kisha akamtazama mumewe.

"Polepole, mzee," akasema. "Ana miguu mifupi."