Sauti Kinywani mwa Stanislaus

Asubuhi ya tatu mfululizo Kezia alikuta alama za viganja vidogo kwenye unga wa muhogo aliouanika, na nyumba inanuka ndizi mbivu na moshi. Ndizi hawakuwa nazo. Mtoto pia hawakuwa naye.

"Ni panya," alisema mumewe, Stanislaus, bila kumtazama.

Ilikuwa mwaka 1975, Kumsenga, watu wamehamishiwa kijijini na kuacha migomba yao porini. Mwezi uliopita Esteri, binti wa miaka sita wa jirani yao Immakulata, alitekwa njiani akienda kuteka maji. Barua ikadai shilingi mia nane. Immakulata akauza ng'ombe wake, akaziacha fedha chini ya jiwe lililotajwa. Mtoto hakurudi.

Siku ya nne, mchana, Kezia akasikia chini ya kitanda, "Mama, nifungulie." Alimwita mganga Hatungimana kutoka Mabamba.

Mganga alifukiza dawa. Stanislaus akakakamaa kigodani, akafungua kinywa, na sauti nyembamba ya mtoto ikatoka humo ikisema kwamba yeye ni Esteri, kwamba baba huyu alimtia kwenye shimo la kuivishia ndizi kule mahameni, kwenye migomba yake ya zamani, akalifunika majani na udongo, akamwambia anyamaze mpaka hela zipatikane, naye akanyamaza, kisha akaita, akaita mpaka pumzi ikakata.

Hatungimana akashusha kibuyu chake. "Naweza kumtoa sasa hivi, mama. Atanyamaza kabisa. Lakini mwenye nyumba ni wewe, sema."

Stanislaus alirudiwa na sauti yake. "Mke wangu, mwambie amtoe. Fedha nilizitumia kwa ajili yetu."

Kezia akaikumbuka kanga mpya aliyoletewa, ile aliyoivaa kwenda kumpa pole Immakulata, na ambayo hata sasa alikuwa amejifunga. Hasira ikampanda hadi meno yakagongana. Aliivua, akamtupia usoni, akabaki na gauni lake.

"Mwache humo humo, mzee," alimwambia mganga. "Aite."

Akavuka njia hadi kwa jirani. "Mama Esteri," alisema, "chukua jembe. Mume wangu ndiye."

Walimfukua mtoto jioni ile, mgambo wakiwa wamemshika Stanislaus. Alipelekwa mahabusu Kasulu. Baada ya wiki wenzake waliomba wahamishwe chumba: kila akifungua kinywa ale, walisema, mtoto humo ndani anauliza kama mama amefika.