Maji ya Saa Kumi

Asnath alimkuta Raymond stendi ya Same, kijana wa shati la bluu akibishana na konda kwamba kipima-maji chake hakiwezi kufungwa juu ya keria. Asnath alicheka, akakipakata mwenyewe hadi milimani, na kabla hawajafika walishapeana namba. Mwaka ukapita kwa simu za "umekula, mpenzi?" na utani kwamba kijana wa Sumbawanga kama Raymond hapandi mlima bila kupumzika mara saba. Jumamosi hii alikuwa aje kuposa.

Alhamisi, kwenye kongamano la wataalamu wa mwenendo wa maji, hotelini hapohapo Same, Raymond alisimama kwa niaba ya kikundi chao cha chuo kikuu akaonyesha mchoro. Mstari mmoja ulikuwa wa maji yanayotoka kwenye ndiva, lile bwawa la jadi la kumwagilia; wa pili, maji yanayofika mashambani. Saa kumi jioni mistari iliachana. Chini yake paliandikwa: "Wizi langoni, asilimia 31."

Mlinzi wa lango hilo, mwaka wa ishirini na sita huu, ni Mzee Eliezeri, baba yake Asnath. Alikuwa safu ya mbele, kaalikwa, kavaa suti aliyofungia ndoa. Alisoma, akachukua kofia yake, akatoka.

Asnath, mwalimu wa sekondari asiyejua kunong'ona akikasirika, hakungoja zamu ya maswali. Alisimama na gauni lake la kitenge, akachukua kipaza sauti.

"Saa kumi ni maji ya msiba, Raymond. Nyumba iliyofiwa haipangi foleni wala haiandikwi daftarini. Baba anaifungulia mpaka matanga yaishe. Siku ulizopima tulikuwa na misiba miwili. Umekula kwa baba siku kumi na mbili. Ulishindwa kumuuliza?"

"Mpenzi, tuyamalize nje," Raymond alisema kwa sauti ya chini. Hilo ndilo lililomchoma Asnath zaidi.

"Usiniite mpenzi hapa. Baba umemwita mwizi mbele za watu. Msafishe mbele za watu."

Profesa wa Raymond alikohoa, akashauri marekebisho yaingie kwenye ripoti. Raymond alimtazama, shahada yake ya uzamivu ilikuwa mikononi mwa mtu huyo. Kisha akalifuta neno "Wizi" kwenye mchoro, ukumbi mzima ukiangalia.

"Hakuna mwizi," alisema. "Nilipima maji, watu sikuwauliza. Kosa ni langu."

Mzee walimkuta ndani ya gari la milimani, habari za ukumbini zimeshamfikia kwa simu. Raymond aliinama dirishani, akamwamkia. Mzee aligeuzia uso upande wa pili. Alimwamkia tena.

"Marahaba," mzee alisema mwishowe. "Wa huku chini umewaambia. Na wa kule juu, walioshapigiwa simu kwamba mimi ni mwizi?"

"Nitawaambia mwenyewe, baba, nyumba kwa nyumba. Leo."

"Basi panda."

Raymond alipanda, akamwachia Asnath nafasi ubavuni pake. Asnath aliipita, akaketi na baba yake.

"Nakupenda, na hasira sijamaliza," alimwambia bila kugeuka. "Kawaambie kwanza. Habari za Jumamosi uniulize ukishamaliza nyumba ya mwisho."